Mama Florentine anapanda msitu wa Ubundu juu ya meza, macho yakimtoroka

Mvua imekatika punde tu na mabati ya mtaa wa Kabondo, mjini Kisangani, bado yanadondosha maji, lakini Mama Florentine Bitondo ameshatoa kigoda chake barazani na kukigeuzia upande wenye mwanga. Mkononi ana mti. Ameusogeza karibu na uso kiasi kwamba kijana mmoja anayepita na baiskeli anamtania: "Mama, uko unakula ama uko unanusa?"

"Niko napima!" anajibu bila kugeuka.

Shina la mti huo ni nyaya za shaba zilizochunwa kutoka jenereta iliyoungua, zikasokotwa hadi zikawa nene kama kidole gumba, na chini zikapanuliwa kuwa mizizi. Matawi ni nyuzi za gunia. Majani ni sponji ya godoro iliyosagwa na kutiwa rangi. Mama Florentine anaweka kiwiko juu ya meza, ananyoosha kiganja kuelekea juu, na kuusimamisha mti pembeni ya mkono wake. Kilele kinafika sawasawa kwenye ncha ya kidole cha kati. Dhiraa moja, mti mmoja. Hivyo ndivyo anavyopima.

"Hii iko limbali," anaeleza. "Ile muti haimwangi majani hata siku moja, mvua ama jua. Limbali ya kweli inaficha mbingu. Hii yangu inapaswa kuficha treni."

Patricia, binti yake wa kwanza, msusi mwenye kibanda chake mtaa wa pili, anatoka ndani na kikombe cha chai. Anakiweka chini. Kisha anachukua sindano iliyolala kwenye sinia, anaitunga uzi, anairudisha palepale, na kwenda zake kazini. Hakuna aliyemwomba. Wamekuwa wakifanya hivyo kwa miezi kadhaa, na mama hapendi jambo hilo lizungumzwe.

"Ile hapana kuandika," anamwonya mwandishi wa makala haya, akishusha sauti. "Macho yangu iko inaniacha. Papa Célestin hajue. Akijua, miye nimekwisha."

Ruhusa ya kuliandika jambo hilo ilikuja siku chache baadaye, kwa njia ambayo hakuna aliyeipanga, na msomaji ataiona mbele.

Papa Célestin Lotika anaishi ng'ambo ya mto, Lubunga, kunakoanzia reli ya kwenda Ubundu. Aliendesha treni katika reli hiyo hadi alipostaafu. Siku hizi treni hiyo hakuna anayeipangia safari kwa uhakika, ila kwa papa Célestin haijawahi kusimama. Mtoto wake aliyeko Ubelgiji alimletea garimoshi dogo la umeme, lile ambalo wazee wa huko hupenda kuliendesha vyumbani mwao, pamoja na mabehewa na vipande vya reli. Mzee akagonga meza kuzunguka kuta tatu za sebule yake na kuanza kuijenga njia yake yote. Kituo cha Lubunga kiko karibu na mlango, Ubundu iko chini ya dirisha, na katikati ni msitu.

Msitu huo ndio kazi ya Mama Florentine. Ameshapanda zaidi ya miti mia tatu. Kimebaki kipande cha mwisho, pale treni inapokaribia kuingia Ubundu, na wastaafu wa reli wamealikwa kuja kuitazama ikikimbia kabla ya Noeli.

Tatizo ni kwamba siku hizi anaona kama mtu anayetazama kupitia chandarua kilicholowa. Anaogopa kwamba macho yatafunga kabla msitu haujafika mwisho. Anaogopa zaidi kwamba mzee atagundua na kumpa mtu mwingine kile kipande kilichobaki.

"Sitaki mutu mwingine apande Ubundu," anasema. "Ubundu iko yangu."

Ana sababu. Baba yake alikuwa mtu wa Maniema aliyehamia Kisangani kutafuta kazi, na familia ilimfuata. Walishuka na boti kutoka Kindu hadi Ubundu, maporomoko yakawazuia kuendelea kwa maji kama yanavyomzuia kila mtu, wakapanda treni. Florentine alikuwa mtoto mdogo aliyebanwa dirishani na mabegi ya watu. Anasema hakuona mbingu tangu walipoondoka mpaka walipofika.

"Kulikuwa giza ya kijani," anakumbuka. "Chini ya miti hakuna hata nyasi. Nikauliza papa yangu: sasa nani anafagia humu? Behewa yote ilicheka. Mpaka leo sijapata jibu!"

Anacheka mwenyewe, kisha anapapasa sinia kutafuta sindano. Inamchukua muda kuipata, na kicheko kinakwisha.

Kazi aliyoizoea si miti. Kwa miaka mingi ametengeneza mashada ya mazishi, yale mapana ya maua ya karatasi na plastiki yanayobebwa mbele ya jeneza. Shada moja zuri huuzwa kati ya faranga elfu ishirini na thelathini, na mashada ndiyo yaliyomsomeshea watoto baada ya mumewe kufariki. Ufundi alifundishwa na jirani, Mama Aïcha, wa familia ya Waislamu waliokuwapo mjini humu tangu zama za babu zao, ambaye yeye alikuwa akitengeneza maua ya harusi.

Papa Célestin alikuja kununua shada la rafiki yake aliyefariki. Badala ya kuchagua utepe, akabaki ameliinamia shada lenyewe, akivuta vuta majani ya waya.

"Nilifikiri analia," anasimulia Mama Florentine. "Kumbe iko anaangalia namna nilisokota! Akaniuliza: mama, unaweza kufanya muti?"

Akasema anaweza. Nani angesema hawezi?

Miti ya kwanza aliifanya kama ambavyo karibu kila mtu angeifanya: midogo mizuri, yenye urefu wa kidole, inayolingana na behewa. Ndani ya boksi la treni mlikuwa na mfuko wa miti ya plastiki ya Ulaya, yenye ncha kama miti ya Noeli, naye akaiga kipimo chake. Akaipeleka Lubunga akiwa na furaha tele. Mzee akaitazama kwa muda mrefu.

"Nilimwambia ukweli," anasema papa Célestin. "Nilimwambia: mama, miye niliendesha treni ndani ya msitu, hapana ndani ya salade."

Hakuwa anamdhihaki kwa kuifananisha miti yake na majani ya saladi. Juma lililofuata alivuka mto mwenyewe akiwa amefunga garimoshi lake katika taulo, akaliweka juu ya meza barazani Kabondo. Pembeni akasimamisha mtu wa plastiki, mdogo kama harage. "Huyu iko miye," akasema. "Sasa nionyeshe muti ya kunifanya niogope." Wakafanya hesabu pamoja. Treni ile ni ndogo mara themanini na saba kuliko treni ya kweli, na limbali mkubwa hufika mita arobaini. Mti wake basi unakaribia nusu mita. Mama Florentine akanyoosha mkono pembeni ya garimoshi, na tangu siku hiyo mkono huo ndio rula yake.

Urefu peke yake haukutosha. Akaenda Masako, kwenye msitu wa hifadhi nje ya mji, akakaa chini ya limbali siku nzima na chikwangue yake, mkate wa muhogo, kwenye mfuko. Alitaka kujua matawi yanaanzia wapi, mizizi inashika ardhi namna gani, na kwa nini kivuli chake ni kizito hivyo. Aliporudi alitupa kila alichokuwa amekianza.

Makosa hayakukosekana. Kwa kuwa maua ya karatasi huyabandika kwa uji wa fufu, unga wa muhogo, miti yake kumi na kitu ya kwanza aliibandika vivyo hivyo. Mende wa Lubunga walisherehekea. Papa Célestin aliamka akakuta mashina yamebaki waya mtupu na majani yametafunwa. Siku hizi anatumia gundi nyeupe ya maseremala, na mende amewasamehe.

Kuhusu rangi, hakuna duka linalouza kijani cha limbali. Huichanganya mwenyewe kwenye kopo: rangi ya manjano, bluu ya kufulia, na masizi kidogo ya sufuria. Sponji iliyosagwa kwenye mashine ya mkono ya karanga humwagwa humo, ikakamuliwa, ikaanikwa kwenye bati.

"Hakuna kipimo. Jicho njo linasema," anaeleza, yaani jicho ndilo huamua. "Ukiona iko kama majani ya muti, unaacha."

Jicho lilianza kusumbua mwaka jana. Kwanza alidhani ni mvuke wa gundi. Kisha taa za pikipiki jioni zikaanza kuota manyoya. Baadaye akapeleka shada kwa familia iliyoomba utepe mweusi, na mmoja wa wafiwa akamvuta pembeni: "Mama, tunamuzika papa ama tunamupeleka masomo?" Utepe ulikuwa bluu ya sare ya shule. Alirudi nyumbani akiwa na aibu iliyomnyima hamu ya kula, na tangu siku hiyo Patricia ndiye anayechagua tepe.

Muuguzi wa kituo cha afya alimmulika akamwambia ni mtoto wa jicho, macho yote mawili, la kulia likiwa baya zaidi. Akamwambia hilo hupasuliwa, na kwamba timu ya madaktari wa macho huja mjini mara kwa mara, aandikishe jina tu. Mama Florentine alishukuru, akatoka, na hakuandikisha.

Ukimuuliza kwa nini, anaelekeza kidevu upande wa nyumba ya jirani. Mama Aïcha, yule aliyemfundisha maua, alipata ugonjwa huohuo. Akapita mtu aliyejiita mganga wa macho, akamchoma jicho kwa sindano barazani kwake, akachukua kuku wake na kuondoka. Jicho halikurudi tena.

"Nilikuwa namushika mukono," anasema Mama Florentine. "Alinibana hivi. Sasa weye unaniambia nilale, mutu alete sindano kwa jicho? Ah non. Non, non."

Patricia amemwambia mara nyingi kwamba mganga wa barabarani na daktari wa hospitali si kitu kimoja. Mama anakubali kwa mdomo. Siku ya kuandikisha ikifika, hatoki barazani.

Siku ya kupeleka mzigo, anaipanga miti ndani ya beseni mbili kubwa, vilele juu, na kuifunika kwa plastiki. Ufukweni abiria wa mtumbwi wa mota wanampisha wakimtania. Mwanamke mwenye kapu la samaki anamuuliza kama Lubunga miti imekwisha mpaka iletwe kutoka mjini.

"Iko ile midogo, bado inakua," anajibu Mama Florentine, na mtumbwi mzima unacheka.

Yeye hachezi na safari hii. Anashika beseni moja kwa mkono na nyingine kwa magoti, na uso wake ameuelekeza juu akiyasikiliza mawingu. Tone moja kubwa la mvua, anasema, na rangi yote inashuka. Wakati wa kuteremka anaunyoosha mguu mara mbili hewani kabla haujaigusa ardhi. Mwandishi anampa mkono. Anaupokea haraka na kuuachia haraka.

Sebule ya papa Célestin haina viti vya kutosha, kwa sababu reli imechukua nafasi. Mzee, mwembamba, shati limepigwa pasi, anatukaribisha kwa "likambo te, muingie na viatu," yaani hakuna neno. Anaunganisha betri ya pikipiki na kuliwasha garimoshi lake. Linatoka kituo cha Lubunga likinguruma kama nyuki, linapita daraja la vijiti, linaingia msituni, na haki ya Mungu linapotea! Ni sauti tu inayosikika. Kwa mbali, kati ya mashina, paa la behewa linamulika na kuzimika. Ndipo mtu anaelewa kwa nini mzee aliikataa salade. Miti ingekuwa mifupi, hiyo ingekuwa treni ya mtoto.

Lakini kuna kitu kingine, na mgeni hukiona mara moja kwa kuwa hajakizoea. Karibu na mlango, Lubunga, msitu ni kijani kizito, karibu cheusi, kama sombe iliyoiva, ile mboga ya majani ya muhogo. Katikati ya ukuta wa pili, kwenye kilomita ya hamsini kwa hesabu ya mzee, kijani kinaanza kupauka. Kwenye ukuta wa tatu miti ni ya samawati. Kadiri treni inavyoikaribia Ubundu, majani yanazidi kuwa bluu, mpaka ile ya mwisho inafanana na maji ya kusuuzia nguo nyeupe.

Mama Florentine yuko pale pale, ameinama, anachomeka miti mipya kwa kupapasa matundu ya ubao. Nayo ni bluu.

Mwandishi anamtazama mzee. Mzee anatikisa kichwa polepole, anafungua mlango, na kumwita nje chini ya paa.

"Nimeona," ananong'ona. "Mwanzo nilifikiri rangi imekosekana sokoni. Kisha nikaona namna anatafuta mulango na mukono. Sasa nitamwambia nini? Nikisema, ataacha. Namjua, iko na kiburi ya fundi. Ataacha, na aibu itamukalisha nyumbani. Donc ninanyamaza. Kila juma naomba Mungu, mama amalize kazi mbele mutu hajasema."

Kumbe! Mama anamficha mzee macho, mzee anamficha mama rangi, na kati yao msitu unazidi kugeuka bluu. Tulirudi ndani mwandishi akiwa na wasiwasi wa kuvunja kitu kisicho chake.

Kilivunjwa na mwingine. Tulikuwa hatujakaa vizuri aliposukuma mlango tonton Josué, "mjomba" wa kila mtu na konda wa zamani wa treni hiyohiyo, mtu mnene mwenye sauti ya kituoni, aliyekuja kuchungulia kabla ya siku ya wageni. Akazunguka meza akisifu. Akafika dirishani, akapiga makofi.

"Eeh, Mama Florentine! Huku mulikuwa munafua nguo? Msitu ya Ubundu iko bulu!"

Akacheka peke yake. Papa Célestin alikuwa amefumba macho.

"Bulu namna gani?" aliuliza Mama Florentine.

Akatembea akishika ukingo wa meza hadi Lubunga, akang'oa mti mmoja. Akarudi hadi Ubundu, akang'oa mwingine. Akatoka nao mlangoni, akainua yote miwili juani, mmoja kijani, mmoja bluu, akaisogeza usoni, akaibadilisha mikono, akaisogeza tena. Watoto waliokuwa wakicheza njiani walisimama kumtazama.

"Kwangu miye iko sawasawa," akasema hatimaye.

"Mama," papa Célestin akaanza, "nilijua."

"Tangu lini?"

"Tangu kilomita hamsini."

"Na ulinyamaza? Papa Célestin, uliniacha nipande aibu yangu mbele ya batu yote? Wakuje wazee wote ya reli wacheke?"

"Niliogopa utaacha kazi."

"Na miye niliogopa utanifukuza!" Aliiweka miti ndani ya beseni, akaketi juu ya boksi la betri, akalia waziwazi, kwa hasira zaidi kuliko huzuni. Mzee alisimama mbele yake akiwa ameshika kofia, hajui mikono aiweke wapi.

"Watu watatu nilijaribu kabla yako," akasema. "Bote waliniletea salade."

Mama Florentine alicheka katikati ya machozi, bila kutaka, na hilo likamkasirisha upya.

Ajabu ni kwamba aliyeokoa jahazi ni yule yule mropokaji. Tonton Josué alikuwa amejikalia sakafuni, uso umemshuka. Akaivua miwani yake.

"Mama, nisamehe. Lakini niambie kitu. Yote unaona iko manjano, eeh? Kama kuangalia ndani ya chupa ya bia?"

Mama Florentine alifuta machozi.

"Njo vile. Njo vile kabisa."

"Alors unaongeza bulu. Unaongeza, unaongeza, mpaka inakuwa kijani kwako. Miye nilikuwa vile. Walinifanya macho yote mawili, hospitali, hapa hapa. Siku walitoa bandeji, nilifikiri mbingu wameipaka rangi. Nilitembea mitaani naangalia juu kama mutu ya pombe!"

Konda akamwachia mama amguse kope. Akamweleza kuhusu matone ya ganzi, kuhusu kitambaa usoni, kuhusu mwanga mkali na sauti ya daktari inayouliza kama bado uko. Mama Florentine aliuliza kuhusu sindano. Akajibiwa. Akauliza tena. Akamsimulia habari za Mama Aïcha, na yule konda mwenye kelele akasikiliza hadi mwisho bila kutia neno. Mwaka mzima mama huyu alikuwa akijua kwamba haoni vizuri. Hakuwa amewahi kumsikia mtu akieleza kile anachokiona.

Patricia alipoambiwa jioni hiyo, alijishika kichwa. Yeye aliiona bluu. Alidhani ndivyo mzee alivyoagiza.

Asubuhi iliyofuata mama na binti walikwenda kuandikisha jina. Madaktari wanatarajiwa mwanzoni mwa mwezi ujao, na jicho la kulia ndilo litakaloanza. Papa Célestin amewatumia wenzake ujumbe kwamba treni ina hitilafu ndogo na waahirishe. Tonton Josué ameapa atakaa nje ya mlango wa chumba cha upasuaji, jambo ambalo wauguzi huenda wakalijutia.

Mzee alijaribu pia kumtuliza kuhusu miti. Alimwambia aiache kama ilivyo, kwani msitu ukiutazama kwa mbali kweli huwa bluu. Yeye aliuona hivyo kila siku akiendesha treni.

"Nilimukatalia," anasema Mama Florentine. "Ubundu haiko mbali. Ubundu njo treni inafika na batu wanashuka. Mutu akishuka lazima akute kijani."

Ndiye aliyeamua siri yake iandikwe. "Sasa andika yote," alisema. "Batu bajue ile bulu haikukuwa uvivu. Na kama iko mama mwingine anafichaficha macho yake nyumbani, asome."

Woga haujaisha. Unabadilika tu, anasema. Kuhusu kisu ameanza kuzoea. Usiku mmoja hata alilala hadi asubuhi. Linalomkosesha raha sasa ni kufunguliwa bandeji, kwa sababu ameomba apelekwe Lubunga siku hiyohiyo.

"Batu yote wameona msitu wangu, isipokuwa miye," anasema. "Nitaingia, nitaona nilifanya nini. Hapo njo naogopa sana. Labda hata ile ya kijani haiko mizuri, walikuwa wananihurumia tu."

Mpango wake ni kung'oa kila mti kuanzia kilomita hamsini na kupanda upya hadi Ubundu. Mashada amempa Patricia kwa muda. Yeye hajaweza kukaa bure, kwani akikaa bure anawaza. Kwa hiyo kila siku anasokota mashina. Waya hauhitaji macho. Vidole vinajua mzizi ulipo, na mkono ndio kipimo. Ila kopo la rangi amelifunga kwa kifuniko na kulipandisha juu ya kabati, wala hataki kuliona.

Barazani Kabondo mashina yamejaa meza nzima, marefu, matupu, matawi yamepanuliwa hewani bila jani hata moja. Yule kijana wa baiskeli anapita tena, anapunguza mwendo.

"Mama Florentine, miti yako yote imekauka?"

Anageuza uso kuifuata sauti. Vidole vinaendelea kusokota.

"Haijakauka, mwanangu," anasema. "Iko inangoja jicho."